Wageni Wawili

Redio ile ya pwani ya mashariki ya Uingereza ilikuwa na sheria moja isiyoguswa: jambo lolote lenye ubishi liwe na wageni wawili, mmoja wa huku na mmoja wa kule, na muda wao ulingane. Ubishi usipokuwepo, mwandaaji autafute. Lorna Pickersgill ndiye aliyekuwa mwandaaji, na kwa kutafuta ubishi hakuwa na mpinzani.

Asubuhi hiyo mgeni wa huku alikuwa Dakta Ingrid Holroyd, aliyemaliza ujana wake akipima bahari inavyopanda. Wa kule alikuwa Desmond Raikes, injinia mstaafu wa mafuta, mzee mcheshi anayependwa na wasikilizaji kuliko hata mtangazaji. Dakta alikuwa anasema yale yanayosemwa na karibu wataalamu wote duniani. Desmond alikuwa anajisemea mwenyewe. Lakini hewani, eti, walikuwa sawa kwa sawa.

Lorna hakuwa na raha. Mama yake, Bi Edna, alikuwa ofisini kwa wakili, tayari kutia saini anunue nyumba ukingoni mwa bahari, na akiba yake yote ya uzeeni ilikuwa inaingia humo. Walikuwa wakivutana tangu Krismasi. Lorna akisema ukingo ule unamomonyoka, mama anajibu kwamba wataalamu wenyewe bado wanabishana, si ndivyo kipindi chako kinavyosema? Tena Bwana Raikes anakaa mtaa ule ule na analala usingizi wake. Mwisho Lorna alimwomba kitu kimoja tu: asisaini kabla ya kusikiliza kipindi cha leo. Mama akakubali.

Dakta alikuwa ameshaingia studio. Lorna akampelekea Desmond chai chumba cha wageni, na kwa mazoea tu akamuuliza habari za nyumbani.

"Nyumbani wapi, binti? Nimeshauza. Nimehamia bara, kwa mwanangu."

"Kulikoni?"

"Bustani imekwisha. Kila msimu wa baridi bahari inamega kipande. Ningengoja nini, ianze kula jiko?"

Lorna akamuuliza, sasa hewani utasema nini? Mzee akachovya biskuti kwenye chai, wala hakuona haya.

"Yale yale. Mnaniita nije kupinga. Siku nikikubaliana na Dakta, mtaniita tena?"

Lorna alitoka mbio akampigia mama. Simu ilikuwa imezimwa, maana Bi Edna akiingia ofisi za watu huzima simu, ndiyo adabu yake. Akapiga kwa wakili, inatumika. Kipindi kikaanza. Lorna akamnong'oneza mtangazaji, Giles, kupitia vipokea sauti vyake vya masikioni: muulize Desmond kwa nini amehama. Giles akatikisa kichwa nyuma ya kioo. Matangazo ya biashara yalipoingia, akamjibu kwamba nyumba ya mtu haiwahusu, na wakimuuliza yeye itabidi wamuulize na Dakta anakaa wapi, la sivyo wataambiwa wanapendelea.

Dakta akaeleza vizuri, taratibu, mpaka muda wake ukaisha. Neno la mwisho siku hiyo lilikuwa zamu ya Desmond.

"Jamani, bahari hii naijua tangu navaa kaptula. Haijanimeza mpaka leo."

Giles akacheka. Kidole cha Lorna kilikuwa juu ya kitufe cha kipaza sauti chake. Angekibonyeza, kibarua kingeota nyasi hapo hapo, kwa sababu mwandaaji hasemi hewani, seuze kuegemea upande. Aliogopa, na woga wenyewe ukamtia hasira. Akajidanganya kwamba mama ana akili zake, atapima mwenyewe. Hakubonyeza. Muziki ukaingia.

Haikuchukua muda mama akapiga, amechangamka.

"Nimesikiliza chote kwenye redio ya wakili, mwanangu, kama nilivyokuahidi. Nimeshasaini."

"Mama, Desmond amehama. Bahari imekula bustani yake."

"Umejua lini?"

"Kabla ya kipindi."

"Mimi huyo Desmond sikuwa namsikiliza," Bi Edna akasema polepole. "Nilikuwa nakusikiliza wewe. Nilisema, kama hatari ipo kweli, leo Lorna ataleta mgeni mmoja."