Nyasi Chini ya Pikapu

Gari langu limetembea kidogo kuliko baiskeli ya katekista wetu. Sisemi kwa majivuno. Kila aliyefungua mlango akachungulia namba za kilomita alipiga mluzi, akasema mzee umeokota dhahabu, pikapu ya miaka yote hiyo na haijatembea. Mimi nilijua kwa nini haijatembea. Niliwahi kuiomba itembee, ikakataa.

Ilikuwa ya mradi. Walikuja hapa Kaagya watu wenye fulana mpya, wakasema wanatokomeza mnyauko wa migomba. Wakajenga ofisi, wakajenga banda, bandani wakaweka pikapu nyeupe, na mnyauko ukaendelea na kazi yake. Siku mke wangu Benigna aliposhikwa na tumbo mvua ilikuwa inanyesha tangu alfajiri. Nilikimbia pale ofisini. Mlinzi, Mwijage, mtoto wa hapa hapa, akaniambia ufunguo upo kabatini ila ruhusa anayo meneja, na meneja yuko semina Dodoma, simu imezimwa. Pikapu ilikuwa mbele yangu bandani, kavu. Mimi ndiye niliyekuwa nanyeshewa. Tukampandisha Benigna kwenye bodaboda, kijana mbele, mimi nyuma nimemkumbatia asianguke. Hatukufika mjini naye akiwa hai.

Sikumshtaki mtu. Ningemshtaki nani? Mlinzi angesema meneja, meneja angesema Dodoma, Dodoma wangesema mvua. Wakubwa wetu ndivyo walivyojipanga: ukigonga mlango huu unaambiwa nenda ule, ukifika ule unakuta kufuli.

Mradi ulipokufa, maana miradi nayo inakufa ila haizikwi, wakatangaza mnada. Niliuza kiwanja chetu cha Nshambya, tulichonunua mimi na Benigna kwa kahawa ya miaka mingi, nikainunua ile pikapu. Watu wakasema ujane umenipanda kichwani. Binti yangu Joanitha, ambaye ameolewa Izigo huko Muleba, alinipigia simu jioni ile ile.

"Tata," akasema, "umeuza kiwanja cha mama ukanunua gari lililomkataa."

Akakata. Hakupiga tena, nami sikupiga. Ningemwambia nini? Nilitaka itembee, basi. Nilitaka siku moja ibebe kitu cha maana ikifikishe kwa watu wanaokingoja.

Kuendesha najua. Ujanani niliendesha lori la kahawa la tajiri mmoja, kabla bei ya kahawa haijaanza kupangwa na watu wasioijua hata ikiwa mtini. Lakini lori lile lilikuwa halilali, na gari lisilolala lina magonjwa yake. Hii pikapu ilikuwa imelala miaka. Niliivutisha kwa trekta hadi Nshambya, kwa fundi Avit, ambaye gereji yake iko nyuma ya migomba ya mama yake. Avit alizunguka gari mara moja, akabonyeza hosipaipu za rejeta kwa kidole gumba. Zikapasuka kama mkate mkavu.

Aliniambia nisifurahie kilomita. Gari lililotembea linaisha, alisema, na gari lililokaa linaoza. Chuma kinavumilia, raba haivumilii. Mkanda wa taimingi hauhesabu kilomita peke yake, unahesabu na miaka. Matairi yalikuwa na meno kama mapya, lakini kando yalikuwa na nyufa za uzee. Petroli ndani ya tangi ilikuwa imegeuka kitu chenye harufu ya rangi ya mlango. Tukamwaga, tukasafisha, tukabadilisha mkanda, hosipaipu, matairi, oili. Breki alizifungua, akazisugua kutu, akasema kwa sasa zinashika, raba zake za ukubwa ule Bukoba hazipo, atazitafuta. Kisha akanipa sharti moja. Kila asubuhi, kabla sijawasha, nitazame chini. Gari la namna hii likiumwa litasema lenyewe, litadondosha.

Sharti hilo nililishika. Mungu ananiona, sikukosa asubuhi hata moja.

Sasa nieleze kuhusu nyasi. Kwetu nyumba haiachwi sakafu tupu. Benigna alikuwa anakwenda rweya, kule uwandani kwenye majani marefu, anakata mzigo, anarudi anatandika sebule nzima, shina huku, ncha huku, mpaka mgeni akiingia anavua viatu bila kuambiwa. Nyasi mpya alizilaza juu ya za zamani, ndiyo sebule ikawa laini kama kitanda. Alifanya hivyo kila Jumamosi. Alipoondoka zile za mwisho zilikauka, zikawa vumbi, nikazifagia. Sikutandika tena. Natandika ya nini, akanyage nani?

Lakini nilipomaliza kuijengea pikapu banda la mabati, niliona vibaya ilale kwenye udongo kama mbuzi. Nikaenda rweya, nikakata, nikatandika. Jumamosi iliyofuata nikatandika tena juu yake. Niliona raha ya ajabu kurudi na mzigo wa nyasi kichwani huku kuna kitu nyumbani kinaningoja. Asubuhi nachuchumaa, natazama chini ya gari: nyasi safi, kijani, zimelala vizuri. Nikawa nampigia Avit kumwambia halidondoshi hata tone.

"Hata tone?" anasema. "Kwa umri ule? Basi una bahati, mzee."

Nikaamini nina bahati.

Masika yalipoisha Joanitha akapiga simu. Sauti yake ilikuwa kama ya karani. Alisema amejifungua mtoto wa kike, atabatizwa Jumapili pale Izigo, ataitwa Benigna. Kisha akasema mumewe, Rwegasira, ameomba ndizi za karamu zitoke kwa babu wa mtoto, kama ilivyo desturi.

"Ulete ndizi, Tata. Maneno yako ya meneja yaache huko."

Nikasema nitazileta kwa gari langu. Halafu akasema nifike kabla ya misa, nimshike mtoto kanisani mahali pa mama.

Sikulala vizuri wiki ile kwa sababu ya furaha, nayo ni kitu kinachochosha ukishazoea kukikosa. Jumapili kabla ya jua nikapakia mikungu ya ndizi hadi gari likainama nyuma, madumu ya rubisi, pombe ya ndizi niliyoikamua mwenyewe, na kifurushi cha kahawa ya kutafuna kwa wageni. Nikatazama chini. Nyasi safi. Nikawasha, likaitika mara moja.

Tulipita Bukoba mjini watu wakienda kanisani. Niliwapigia honi bila sababu. Gari lilikuwa linakwenda vizuri, linanguruma taratibu, na mimi nilikuwa nalisemesha. Nililiambia, unaona, ni rahisi tu, ndivyo ulivyotakiwa kufanya siku ile.

Kwenye mteremko wa kushukia Kemondo nikakanyaga breki. Pedali ikazama. Nikainua mguu nikakanyaga tena, ikazama mpaka kwenye sakafu, laini, kama kukanyaga ndizi mbivu. Nyuma yangu mzigo ulikuwa unasukuma. Nikarudisha gia, injini ikalia, nikavuta handibreki kwa mikono miwili huku usukani nimeubana kwa tumbo, nikalielekeza gari kwenye ukingo wa udongo upande wa kushoto. Likaparuza, likapiga kelele ya bati, likasimama. Dumu moja la rubisi lilipasuka. Harufu yake ikajaa barabarani kama tayari ni karamu.

Nilishuka. Nikampigia Avit, nikampigia Rwegasira nikamwambia gari limekufa breki. Kisha nikaanza kumtukana meneja. Nilimtukana kwa Kihaya na kwa Kiswahili, yeye na semina yake na waliomtuma. Watu waliokuwa wanapita wamevaa nguo za misa walinitazama wakavuka upande wa pili. Kengele za Izigo huwezi kuzisikia kutoka pale, ni mbali. Lakini saa ya misa ilipofika niliijua.

Avit alikuja kwa bodaboda. Akaingia chini ya gari kwa mgongo, miguu tu ikabaki nje. Akauliza kutokea huko chini:

"Unalilaza wapi?"

"Bandani."

"Chini kuna nini?"

"Nyasi. Nalitandikia."

Akatoka taratibu, mkononi ana mafuta ya breki yaliyochanganyika na vumbi. "Unalitandikia nyasi?"

"Kila Jumamosi."

Alicheka mpaka akaegemea gurudumu. "Tata waitu, imebaki kulilipia mahari tu." Kisha akaniona uso, akaacha kucheka. Akanionyesha gurudumu la nyuma kwa ndani, lilivyolowa tangu zamani, tabaka juu ya tabaka. Akafungua boneti, akatoa kifuniko cha kikopo cha mafuta ya breki, kile kikopo kilichosawijika kwa uzee mpaka ukikitazama kwa nje huoni kilichomo. Kilikuwa kikavu.

"Limekuwa likikuambia kila siku," akasema. "Wewe ukaliziba mdomo."

Nikamwambia ni meneja, ndiye aliyeliacha likaoza mpaka raba zikafa.

"Raba ni za meneja," Avit akasema. "Nyasi si za meneja."

Nikakirudisha kifuniko mahali pake, nikafunga boneti.

Tulikuwa bado tumesimama hivyo likaja gari, Noah, kutoka upande wa Izigo. Alikuwemo Mushumbusi, mdogo wake Rwegasira, kijana mcheshi. Alisema misa imekwisha, mtoto amebatizwa, kashikwa na shangazi yake, na wapishi wamekaa na visu mikononi kama askari, wanangoja ndizi. Tukahamisha mikungu. Ilijaza kila kona, ikabaki nafasi moja nyembamba mlangoni.

"Panda, mzee," akasema.

Nikatazama pikapu. Avit alikuwa anaondoka kwenda Muleba mjini, kwa muuza vyuma chakavu ambaye amesikia ana silinda ya breki ya gari kama lile. Ningeondoka, lingebaki peke yake barabarani na betri yake na matairi yake mapya, na nchi hii ukiacha kitu barabarani umekitoa sadaka. Nikasema labda nibaki nilinde. Ndizi zenyewe ndizo zilizohitajika, mimi nikafanye nini huko, misa imekwisha.

"Shemeji ameniambia nirudi na wewe," Mushumbusi akasema. "Ndizi hakuzitaja."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Ruhusa ilikuwa yangu pia, hapakuwa na wa kumpigia Dodoma. Nikaweka mawe kwenye magurudumu, nikafunga mlango, nikapanda.

Joanitha alikuwa amekaa uani kwa Rwegasira, mtoto kwenye paja, kichwani amejifunga kitambaa cha marehemu mama yake. Hakuinuka. Alitazama nyuma yangu, kwenye lango, akatazama tena.

"Gari liko wapi?"

"Kemondo, mlimani."

"Umemwachia nani?"

"Liko peke yake," nikasema. "Limezoea."

Akainamisha kichwa kwa mtoto. Mabega yalimtikisika, sikujua ni kicheko au ni kile kingine. Kisha akaninyooshea mtoto. Alikuwa mwepesi, na paji la uso lilikuwa bado linanukia mafuta ya padri. Nilitaka kusema mambo mengi. Nilisema tu kwamba sikulinunua kumuudhi mtu, nilitaka lilete kitu hapa.

"Ndizi zimefika," Joanitha akasema. Baadaye, nilipokuwa naaga, alinisindikiza hadi langoni. Akasema mtoto akipata nguvu atamleta Kaagya aone kaburi la bibi yake. "Lakini gari lako silipandi, Tata."

Nikasema sawa.

Niliikuta pikapu pale pale. Kioo cha pembeni kilikuwa kimeibwa, na polisi nilipowaambia walicheka. Avit alirudi na silinda, akaifunga siku iliyofuata, nikaendesha hadi nyumbani taratibu kama nabeba mayai.

Siku hiyo hiyo niliondoa nyasi bandani. Nilitumia reki, kisha mikono. Za juu zilikuwa safi, matone yalipenya yakateremka. Chini yake tabaka la kwanza lilikuwa na madoa, la pili limeloa, na za chini kabisa zilikuwa nyeusi, zimeshikana kama nywele. Lilikuwa limesema yote, na mahali pake: hapa gurudumu, hapa injini, hapa rejeta. Nikachoma. Moshi wake ulikuwa mbaya.

Sasa bandani ni udongo mtupu, na juu yake kipande cha boksi. Asubuhi nachuchumaa, nakisoma. Jumamosi naenda rweya kama zamani, ila mzigo nauingiza sebuleni. Natandika shina huku, ncha huku. Siwezi kama yeye, yangu inakaa kama kiota.

Joanitha hajaja bado. Alisema mtoto ana mafua, halafu akasema mvua, halafu barabara ya huku, hiyo wanayoiahidi kila uchaguzi. Kwa barabara simlaumu yeye. Nyasi zikikauka nazitoa nje, natazama chini yake kwa mazoea, hamna kitu, hakuna aliyepita. Naleta nyingine.

Pikapu kwa sasa haidondoshi.