Mavyaa na Mishono ya Cherehani

Mavyaa wangu, Tsune, alisema cherehani changu kitatoka nyumbani kabla ya mwaka mpya, na safari hii kosa lilikuwa langu. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi.

Miaka miwili nilikuwa nikishona blauzi za kiwanda sebuleni, pale dirishani, kama wanawake wote wa mtaa wetu hapa Gifu. Asubuhi gari linaleta vitambaa, jioni linazoa blauzi, meli inazipeleka Amerika. Redio ilitusifu kwamba tunaiinua Japani kwa miguu yetu juu ya pedali. Mavyaa akaizima.

Basi kwa kiherehere changu nikamshonea kimono kwa cherehani, nimridhishe. Nikasahau jambo analolijua hata mtoto: kimono hufumuliwa chote ndipo kifuliwe, vipande vikaanikwa juu ya mbao, kisha kikashonwa upya. Uzi wa mkono ukiuvuta unatoka. Wa cherehani umeng'ang'ania kama kupe.

"Umenishonea gunia!" alifoka siku ya kufua. "Nilivae na uchafu wake mpaka nife?"

"Nipe nikufumulie, Mama."

"Ukichane? Hebu nitolee balaa!"

Siku nne alikaa na sindano akitegua uzi mmoja mmoja, na kila nikikanyaga pedali, anaguna. Ile miguno ilinitia wazimu. Blauzi thelathini nikazishona kola nje ndani, bila kujua.

Kesho yake asubuhi Bwana Horibe, wakala wa kiwanda, akazirudisha, akazibwaga mlangoni. "Jioni nizikute sawa, Fumie. La sivyo, kazi yetu isahau."

Bila kazi, cherehani kingekaa kufanya nini? Nikaanza kufumua kwa pupa. Kola ya kwanza nusura niichane. Nikalia kwa hasira.

"Lete hapa," Tsune akasema. "Mikono kama ya mpasua kuni!"

Akafumua, nikashona. Kola thelathini, hakuchana hata moja. Horibe alipoondoka nazo, nikauliza, "Cherehani kinatoka lini, Mama?"

"Kitoke, halafu mimi nifumue nini?" Akavuta mto wake, akaketi. "Ila kisogeze kule kwenye kona. Hapa dirishani nakaa mimi, nataka mwanga."

Nikakisogeza. Tangu siku hiyo nashona gizani, na kila blauzi nikiimaliza ananinyang'anya, anatafuta pa kufumua.