Mizani ya Kahawa na Koti la Hezroni

"Wananchi mnatangaziwa kwamba mizani ya chama cha ushirika ni ya kahawa. Kuanzia leo ni marufuku kuitumia kupimia kitu chochote chenye miguu."

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa ghala la Chome mwaka ule wanunuzi binafsi waliporuhusiwa kupanda milimani. Kahawa yote iliwafuata wao, na mizani ikabakiwa na mteja mmoja, Hezroni, aliyelisoma tangazo akiwa ndani ya masweta mawili na bado akijiona mwembamba.

Kwa upana wake, Hezroni alikuwa akipita mlangoni ubavu-ubavu. Lakini alikuwa amenunua koti la harusi kwenye mitumba ya Same, lililoshonewa jitu fulani la Ulaya, akaapa kutofunga ndoa na mchumba wake Irine mpaka alijaze. Alilijaza, likambana, mshono wa kwapa ukafumuka. Yeye akasema uzi ulikuwa umeoza. Kila asubuhi alinyanyua mawe nyuma ya nyumba. Siku ya msaragambo, kijiji kizima kilipobeba mawe ya kutengeneza barabara, hakugusa hata moja: kazi ya umma, alieleza, humkondesha mtu.

Irine, ambaye ndoa yake ilikwisha kutangazwa kanisani hata kwaya ikalikariri tangazo, alimfuata.

"Ni wewe au Vitus, yule mchimba jasi wa Makanya. Chagua."

"Vitus! Kile kijiti?"

"Kijiti, lakini kinajijua kuwa ni kijiti."

"Ningoje mpaka mavuno ya maharage."

"Maharage umeshayala, baba."

Hezroni akakubali kufunga ndoa endapo mizani itamthibitisha. Wakaenda mbele ya kamati ya kijiji.

"Shikamoo, mzee Tumainieli," Irine alimwambia mwenyekiti. "Naomba apimwe mara moja tu, nijue moja."

"Marahaba, binti yangu. Tangazo limekwisha kugongwa muhuri."

Kamati ilijadili mpaka chai ikapoa, kisha ikaazimia, bila kupingwa, kwamba Hezroni ni mkubwa. Hezroni alivuta mikono ya sweta mpaka vidoleni, akauliza kwa unyonge kama wajumbe hawakuwa wakimhurumia.

Irine alichukua kanga yake na kushika njia ya Makanya. Alikuwa amefika kona ya kwanza wakati kamati ilipopitisha azimio la nyongeza: kwamba azimio la ukubwa wa Hezroni libandikwe mlangoni mwa ghala, chini ya lile la mizani.