Jiwe la Nusu Kilo

Nilikuwa nimebakiza risasi sita nilipomwona mama mkwe wangu nyuma ya kioo.

Kwanza nilidhani macho yananichezea. Bi Tumu, mama yake Bakiri mume wangu, hakuwahi kukanyaga klabu yetu ya shabaha kule Midrand, na alikuwa ameapa kwamba hatakanyaga. Kwake yeye mwanamke na bastola ni vitu visivyokaa chumba kimoja, hata kama bastola yenyewe ni ya hewa, haihitaji leseni ya polisi, na kazi yake yote ni kutoboa karatasi iliyo mita kumi mbele yako. Alikuwa amenihubiria tangu siku ya kwanza nilipoileta nyumbani. Tena leo ilikuwa Jumamosi, siku ambayo kibanda chake cha dagaa na maharage pale katikati ya Johannesburg hakishikiki kwa wateja. Huku alifuata nini?

Alikuwa akinipungia, lakini si kwa salamu. Alikata hewa kwa kiganja, juu chini, kama anasimamisha gari. Kando yake alisimama Gaudiose, jirani yetu Mrundi wa Doornfontein, amemshika mkono.

Nikageuza uso. Ukishaingia kwenye mstari huruhusiwi kuzungumza na mtu wa nje, na hata ningeruhusiwa nisingemfuata. Nilichemka. Nikajiambia, huyu mama amekuja kunivurugia siku, maana hakuona siku nyingine ya kunivurugia.

Na siku yenyewe ilikuwa hii. Wawili wa kwanza ndio wangekwenda Bloemfontein na timu ya mkoa, na ubao ulionyesha mimi ni wa pili. Mwaka jana, 2010, nilimaliza wa tisa na nikalia chooni. Watu wa klabu ile walinijua kama yule Mtanzania wa mtandio mwenye bastola kuukuu. Nilitaka wanijue kwa jina. Nilitaka Samira wa Tanga aandikwe mgongoni mwa jezi ya mkoa, na nilikitaka kitu hicho mpaka usingizi ulikuwa umenihama.

Nikainua mkono, nikashusha pumzi, nikavuta. Tisa. Tena, kumi.

Triga ilikuwa tamu siku ile. Triga ni pale kidole kinapovuta, na kwenye mchezo wetu ndiyo kila kitu. Ile ya zamani ilikuwa ngumu na ya kukwaruza. Unavuta, inasita, unaongeza nguvu, na katika kule kusita mkono unatikisika na shabaha inakukimbia. Bakiri ni fundi wa cherehani na makufuli, ana karakana yake ndogo Doornfontein, na wiki ile aliamua kunitengenezea. Alibadili springi. Aliweka ulimi mwingine wa triga unaolingana na kidole changu kifupi. Vile vyuma viwili vidogo vinavyoumana ndani alivisugua mpaka vikang'aa. Kisha akaanza kupunguza uzito kwa skrubu, kidogo kidogo.

Hapo kuna mpaka. Kanuni inasema triga ya bastola ya hewa ihimili gramu mia tano. Mwamuzi anatundika uzito huo kwenye triga na kuinua bastola taratibu, mdomo ukiangalia juu. Uzito ukiachana na meza bila triga kufyatuka, uko sawa. Ikifyatuka kabla, pointi zako zote zinafutwa, maana triga nyepesi inampa mpigaji nafuu ambayo wenzake hawana. Gramu mia tano ni nusu kilo, na nani asiyejua nusu kilo inakaa wapi? Alhamisi jioni Bakiri alipita kibandani kwa mama yake, akamkuta yuko kwenye sala ya magharibi, akaokota jiwe la nusu lililokuwa juu ya mizani, akaja nalo karakanani. Akalifunga uzi, akalitundika, akainua. Likapanda. Akalegeza skrubu, akainua tena, likapanda tena. Hivyo hivyo mpaka akaifikisha triga ukingoni kabisa. Nilikuwepo, nilishuhudia kwa macho yangu. Kesho yake alfajiri akalirudisha jiwe mahali pake.

Kwa hiyo asubuhi ya mashindano, André, mwamuzi mkuu, alipofungua meza ya vipimo kwa yeyote aliyependa kupimiwa kabla, mimi nilipita pua juu. Wiki moja nyuma aliniuliza kama huyo fundi wangu ana cheti cha silaha. Swali lile lilinikaa rohoni. Nikasema, nitapimwa mwishoni kama kanuni inavyosema, na utaona mwenyewe mikono ya mume wangu.

Kumi. Tisa. Kumi. Nikabakiza moja. Nyuma ya kioo nilisikia ngumi inagonga, na sauti ya mlinzi ikisema, "Mama, please, mama." Nikashusha mkono, nikahesabu pumzi, nikainua tena. Nilipofikiria tu kuvuta, triga ikaachia.

Kumi.

Ubao ukatulia. Wa pili, pointi mbili mbele ya wa tatu. Fainali ingekuwa ya risasi kumi, na pointi hizi zingehesabiwa humo humo. Tukapewa mapumziko ya robo saa. Nikachukua bastola kwenye kasha lake na kutoka ukumbini nimejaa maneno.

Walikuwa kwenye korido, wote watatu, Bakiri naye amekuja mbio kutoka kwenye viti vya watazamaji. Sikumpa mtu nafasi.

"Mama, hata hapa? Hata leo umenifuata?"

"Samira, tulia unisikilize."

"Umefunga kibanda Jumamosi uje kugonga kioo watu wanitazame? Nimekukosea nini mimi?"

"Jiwe," alisema Bi Tumu.

"Jiwe gani?"

Akamtazama Gaudiose, akatazama sakafu. Sijawahi kumwona mama yule akitazama sakafu. Huyu ni mwanamke ambaye wapangaji wakigombania umeme yeye ndiye hakimu, na ambaye wateja humwachia mpaka akiba zao amtunzie.

"Bakiri," alisema, "Alhamisi ulichukua jiwe la nusu. Ulilitoa wapi? Kwenye mizani au kwenye kopo chini ya meza?"

"Kwenye mizani, mama. Kwani kuna lingine?"

"Lililo kwenye kopo ndilo zima." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Hilo la mizani limetobolewa chini likajazwa nta. Ni jepesi. Nimejua asubuhi hii tu kwamba umelipimia, Gaudiose alipokuja kununua akanisifia, kama alivyosimuliwa na Bakiri, kwamba jiwe langu ndilo litakalompeleka Samira Bloemfontein. Nikamwambia anilete huku, maana yeye anafanya kazi huku anapajua. Njia nzima sikumwambia tunafuata nini."

Akafungua khanga aliyoishika kifuani. Ndani kulikuwa na jiwe jeusi la mizani, lenye kutu, zima.

Gaudiose ndiye aliyesema kwanza, akigusa mkoba wake wa dagaa, na hakupandisha sauti.

"Mama Bakiri, ndagala zangu ni za jiwe gani?"

Bi Tumu alilifunika jiwe kwa khanga.

"Niko nauliza tu. Kila wiki nanunua kwako. Nawaambia watu wa kanisani, muende kwa yule mama Muislamu, hana wizi. Ni jiwe gani?"

"La mizani," alisema Bi Tumu.

Mimi ndiye niliyelipuka. Nilimwambia kila kitu kilichokuwa kimenijaa tangu niolewe. Kwamba kila siku ananihubiria haramu na halali, nywele zangu, bastola yangu, kumbe yeye anawaibia wakimbizi dagaa. Kwamba watu wanamwita Bi Tumu mwadilifu. Nilisema kwa sauti na mpigaji mmoja aliyekuwa akinywa maji akasogea mbali. Bi Tumu alisimama akapokea yote, khanga mkononi, hakujitetea. Alingoja nimalize.

"Umesema kweli," alisema. "Sasa mpe Bakiri hiyo bastola akaze skrubu. Jiwe zima hili hapa. Muda unakwisha."

Bakiri alikuwa ameshatoa bisibisi mfukoni. "Robo mzunguko tu, Samira. Itakuwa nzito kidogo, lakini utaizoea. Mwisho wa fainali atapima, atakuta iko sawa."

Nikafungua kasha. Nikaitoa bastola nikampa. Akapiga goti sakafuni, akaweka ncha ya bisibisi kwenye skrubu, na hapo ndipo akili yangu ilipofika.

"Ngoja," nilisema.

"Nini?"

"Zile risasi arobaini nilizokwisha kupiga. Nilizipiga na triga ipi?"

Bakiri aliinua macho. Alielewa, lakini alijitia hajaelewa. "Hizo zimepita. Hakuna aliyepima. Nani atajua?"

Kweli, nani angejua? Yule wa tatu alikuwa dada mmoja wa Soweto, mkimya, aliyekuja na mama yake na chupa ya chai. Alikuwa nyuma yangu kwa pointi mbili. Pointi mbili, na mimi kidole changu kilikuwa kimebebewa mzigo na nta ya Bi Tumu. Nilitaka kwenda Bloemfontein. Nasema wazi, hata wakati ule, hata baada ya kumtukana mama wa watu, bado nilitaka Bakiri azungushe ile robo na tunyamaze.

Gaudiose ndiye aliyeniharibia. Alinishika mkono kwa huruma ya kweli kabisa.

"Mwache akaze, dada," alisema. "Mimi sitasema."

Alikuwa amesimama pale na mkoba wake wa dagaa begani, dagaa waliopunjwa asubuhi ile ile, na alikuwa ananiahidi mimi kunificha. Nikaona haya. Nikainama, nikaichukua bastola mkononi mwa Bakiri.

"Unakwenda wapi?" aliuliza Bi Tumu.

"Kwa mwamuzi."

Akanidaka mkono, na vidole vyake vilikuwa na nguvu. "Samira, umeona nilichofanya hapa? Nimejivua nguo mbele ya huyu mwanamke kwa ajili yako. Kesho Doornfontein nzima itajua. Nimefanya hivyo ili uende huko unakotaka kwenda. Halafu wewe unakwenda kuitupa?"

Alikuwa na haki ya kukasirika. Nilimwambia tu, "Niachie, mama," na akaniachia.

André alikuwa mezani kwake anapanga namba za fainali. Nilimwambia kwa Kiingereza changu kwamba naomba kupimwa sasa, kabla ya fainali, kwa sababu triga yangu ilipimwa kwa jiwe bovu. Akaweka kalamu chini. "Unajua ikishindwa maana yake nini?"

"Najua."

Akatundika uzito wake unaong'aa, akainua bastola taratibu. Tak. Uzito haukuondoka mezani. Kanuni inaruhusu majaribio matatu. La pili, tak. La tatu alikwenda polepole mno, nikaona kabisa kwamba anataka ipande, na mimi nikajikuta nimebana meno naiombea ipande. Tak.

Akatafuta uzito mdogo zaidi, kwa udadisi wake tu. "Imepungua gramu thelathini," alisema. Kisha, bila kunitazama, "Asubuhi meza ilikuwa wazi."

"Najua," nilisema tena. Akapiga mstari kwenye jina langu.

Fainali niliitazama nyuma ya kioo. Dada wa Soweto alimaliza wa pili, na mama yake akamwaga chai kwa kuruka. Nililia, na safari hii sikwenda chooni. Bi Tumu alikaa kiti cha tatu kutoka kwangu, na hatukusemeshana njia nzima ya kurudi. Bakiri alijaribu mara moja kuzungumzia mwaka ujao. Nikamwambia anyamaze.

Jumatatu nilikwenda kibandani kumpelekea mama chakula, maana ni zamu yangu, ugomvi au bila ugomvi. Watu walikuwa wachache kuliko kawaida. Lile jiwe la nta halikuwepo, na juu ya mizani lilikaa lile lenye kutu. Nikaketi kwenye ndoo.

Saa sita hivi Gaudiose akaja. Hakusalimu.

"Nusu," alisema.

Bi Tumu akachota dagaa kwa kipimo chake cha siku zote, kile ambacho mkono wake umekizoea, akawamwaga kwenye sahani ya mizani. Sahani ikabaki juu. Akazamisha mkono guniani, akaongeza wachache. Bado. Akaongeza tena, mpaka sahani mbili zikalingana. Gaudiose akamzuia kabla hajafunga. Akatenga kando, juu ya gazeti, wale walioongezwa, akawakusanya kwa kidole.

Ilikuwa konzi moja ya dagaa. Mboga ya mtoto mmoja, mlo mmoja. Niliitazama ile konzi na kidole changu cha kulia kikacheza chenyewe, kwa sababu nilijua hasa ina uzito gani.

"Ni hizi?" aliuliza Gaudiose. "Kila wiki?"

"Ni hizo," alisema mama mkwe wangu. "Kila wiki."