Kopo la Bibi Mahona

Mama mkwe wangu Nyamizi akishaamua jambo, utahangaika bure. Luhaga wangu, mtoto wa miezi minane, alikuwa anaharisha siku ya tatu na mwili unawaka moto. Nimeshamfunga mgongoni niende hospitali, bibi yake akasimama mlangoni.

"Ukampeleke akachomwe sindano na meno ya plastiki mdomoni? Utarudi na maiti. Kwanza kwa Bibi Mahona."

Habari za meno ya plastiki zilianza miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na maduka ya Bariadi yakajaa ndoo na kandambili za plastiki. Watu wakasema watoto wachanga nao wanaota plastiki chini ya fizi, vitu vyeupe, laini, na visipochimbuliwa mtoto anakwisha. Mnacheka? Hata mimi nilicheka, mpaka mtoto wa jirani alipokufa. Binti yangu Elizabeth alichimbuliwa na huyo huyo Bibi Mahona akiwa na miezi saba, na homa ikaondoka. Sasa ana miaka kumi na mitatu, meno ya ukubwani yameota yote isipokuwa chonge. Pale chonge zinapokaa, fizi tupu. Nilikuwa najiambia zitakuja tu.

Basi tukaenda, mimi, mtoto mgongoni, na Elizabeth.

"Mwangaluka, mayu," nilimwamkia Bibi Mahona kwa Kisukuma. Hakuitika. Nikarudia kwa nguvu, ndipo nikaona ameziba masikio kwa pamba, pamba ya shambani yenye mbegu zake. Akachungulia kinywa cha Luhaga, akatikisa kichwa kwa huzuni, akafungua kitambaa chenye spoki ya baiskeli iliyonolewa.

"Mshike kichwa," akasema.

Nikamshika. Mtoto hakuwa na nguvu hata ya kulia, na ule ukimya wake ulinitisha kuliko spoki. Ndani ya ukimya huo nikasikia kitu chini ya kitanda. Kru, kru, kru, kama ng'ombe anayecheua.

"Bibi, nini hicho kinachotafuna?"

Mkono wake ukasimama. Akatoa pamba sikio moja. "Na wewe unasikia?" Akakaa chini taratibu. "Nilidhani ni uzee wangu."

Akavuta kutoka uvunguni kopo la maziwa ya unga lililoliwa na kutu. Juu kulikuwa na vipande vidogo vilivyokauka, kama punje za mchele. Akalitikisa. Chini yake kukatokea meno makubwa, safi, marefu, yenye mizizi. Chonge tupu.

"Umewang'oa hata watu wazima?"

"Sijawahi kumgusa mtu mzima mimi. Niliweka haya madogo." Akaliweka kopo chini. "Yanakua yenyewe humo."

Kabla sijamzuia, Elizabeth alitia mkono. Hakuchagua wala hakupekua. Alitoa jino moja, akalisimamisha kwenye pengo la kushoto, na likakaa sawasawa.

"Mama, hili langu," alisema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyeona kandambili yake mlangoni.

Niliogopa, nisiseme uongo. Nikamnyakua Luhaga kutoka chini ya ile spoki, nikakimbia naye mpaka hospitali, Elizabeth nyuma yangu. Wakamtundikia dripu. Daktari akamfunua mdomo, akanionyesha uvimbe mweupe kwenye fizi. "Hizi ni chonge zake, zinajiandaa kuota. Kinachowaua watoto ni maji yanayowatoka mwilini. Ungechelewa saa mbili tu, mama." Nililia pale pale, mbele za watu.

Luhaga akapona. Nyamizi alininunia miezi miwili, na aninunie tu.

Siku tuliyorudi nyumbani, Elizabeth alifumbua ngumi. Alikuwa nalo lile jino. Akafanya wanavyofanya watoto wote waking'oka jino: akalirusha juu ya bati, akaomba apewe lingine. Likabingirika, likaanguka miguuni pake. Akarusha tena. Mara ya tatu liliporudi, aliliokota akaja kukaa karibu yangu.

"Siku ile nilipochimbuliwa nililia, mama?"

"Ulilia sana."

"Nani alinishika?"

Ningeweza kumtaja bibi yake. Kwa hasira niliyokuwa nayo kwa Nyamizi, nilitamani kweli kumtaja.

"Ni mimi," nikasema. "Mimi ndiye niliyekushika kichwa."

Akanitia lile jino kiganjani, akaingia ndani. Lilikuwa na joto na lina mate, kama limetoka mdomoni sasa hivi.