Korido ya Kwenda kwa Mama Mdogo

Gauni la buluu la mama mdogo lilitosha foronya za matakia yote ya sebuleni, na kipande kilichobaki kikafunika kikapu kilichotoboka kilichokuwa kigeuzwe kuwa kifuniko cha taa. Bi Mapambo alilikata juu ya meza ya kulia chakula, Jumanne asubuhi, pini zikiwa mdomoni. Mama mdogo mwenyewe alikuwa kitini pake chini ya dirisha, ameshika ncha ya kitambaa kisiteleze.

"Kata tu," alisema. "Mimi natoka kwenda wapi?"

Bi Mapambo akakata.

Kazi yake ilikuwa kushona mapazia, lakini jina la Bi Mapambo hakulipata kwa mapazia. Mtaa ulimpa kwa sababu aliweza kuingia kwenye nyumba iliyonuna akaiacha inacheka, na mwenye nyumba asitumie zaidi ya bei ya mkate. Chupa za jamu zilizoisha alizifanya taa. Magazeti aliyachovya kwenye maji ya chai, akayakunja, yakawa maua ambayo nyuki wawili watatu waliwahi kuyaamini. Maganda ya machungwa aliyachemsha taratibu na kijiti cha mdalasini, basi hata nyumba ya mkopaji sugu ikanukia kama ya mtu anayelala usingizi mzuri.

Yote hayo alifundishwa na mama mdogo. Mama yake alipofariki, yeye akiwa binti mdogo bado, mdogo wa marehemu alimchukua akampeleka kwenye chumba kimoja cha kupanga chenye ukuta uliopasuka. Kabla hata ya kufungua mabunda, mama mdogo aliosha kuta, akatundika maua ya gazeti juu ya ufa, akainjika maganda jikoni. Alipoulizwa anafanya nini, alijibu kwamba msiba ukiona chumba kimependeza unatafuta pengine pa kukaa. Haikuwa kweli kabisa, lakini mtoto alilala.

Sasa zamu ya kukaribisha wanawake wa mtaa kwa chai ya Jumamosi ilikuwa imefika kwa Bi Mapambo, kwa mara ya kwanza. Wengine wakikaribisha, wageni waliangalia vikombe. Kwake yeye wangeangalia kila kitu. Nyumba njema si mlango, husema watu, na wanaosema hivyo ndio wa kwanza kuingia hadi ndani.

Foronya zilipovaa matakia, sebule ilipendeza kiasi cha kukifanya kiti cha mama mdogo kionekane. Kilikuwa kipo pale miaka yote, lakini sasa kilionekana. Kilitoa sponji kwenye mkono mmoja kama mkate uliong'atwa, na pembeni yake, sakafuni, kilikaa kikopo ambacho mama mdogo alitemea makohozi yake.

"Mamdogo," Bi Mapambo alisema, akikunja tepu ya kupimia kidoleni, "nilikuwa nafikiri ukae chumba cha nyuma. Kwa muda tu. Jumamosi ikipita unarudi hapa hapa."

"Si neno," alisema mama mdogo. "Huko hakuna upepo."

Mumewe Bi Mapambo, ambaye ni fundi baiskeli na si mtu wa maneno mengi, alikibeba kiti kichwani. Chumba cha nyuma kilikuwa mwisho wa korido fupi, fupi kiasi kwamba aliye jikoni angeweza kumpa kikombe aliye chumbani bila yeyote kati yao kupiga hatua.

Kesho yake asubuhi Bi Mapambo alipompelekea mama mdogo chai, ilifika imeacha kutoa mvuke. Aliporudi aliipima korido kwa tepu yake ya ushonaji. Tepu iliisha kabla ya korido. Alijiambia kwamba kitambaa kikifuliwa hupungua, basi huenda nyumba ikipambwa huongezeka, akarudi kutundika mapazia.

Alipomaliza mapazia, mumewe alitoka nyuma na sahani tupu, akiwa amevaa viatu.

"Korido imerefuka," alisema.

"Nimeona."

"Itakuwa joto."

"Labda."

Akatundika maua ya gazeti. Mchana uji ulifika umeganda. Akaning'iniza chupa za jamu, na mlango wa mama mdogo ukawa mdogo kwa mbali, saizi ya stempu. Fundi alichagua baiskeli yenye kikapu mbele na keria imara, akaipitisha sebuleni akiinua magurudumu yasichafue zulia, na tangu hapo chakula kikawa kinafungwa kwa mpira wa tairi kuukuu. Alisema njia ni nzuri, tambarare, ila katikati pana upepo wa pembeni, na mara moja alikuta kumenyesha.

Kikohozi cha mama mdogo hakikusikika tena sebuleni. Bi Mapambo aligundua hilo akiwa anatia uzi kwenye sindano. Alishukuru. Halafu akaona haya kwa kule kushukuru kwenyewe, sindano ikamponyoka, akashinda akiitafuta kwenye zulia huku uso ukimuwaka, peke yake, bila mtu wa kumwona. Alijua. Si kwamba hakujua. Mshonaji akikata kitambaa anajua amekipunguza wapi, na yeye alijua vizuri kabisa kila pambo alilotundika limepunguzwa wapi.

Alhamisi jioni chakula kilimkataa. Alimwambia mumewe amlete mama mdogo. Fundi alikwenda, akachukua muda, akarudi na mama mdogo amekaa keria kiupande, kikopo mkononi, kitambaa cha kichwa kimelowa kidogo. Kiti kilifuata kwa safari ya pili. Walipokiweka tu chini ya dirisha, mlango wa chumba cha nyuma ukawa pale pale jikoni, kama zamani, na mtu angeweza kuugusa kwa mwiko. Mama mdogo alipewa chai, akaivuta kwa sauti, akasema leo ni ya moto.

Walikaa hivyo wote watatu. Taa ya kikapu ilimwaga mwanga wa buluu ukutani. Mama mdogo aliangalia maua moja moja, akasema lile la tatu limekunjwa kwa haraka. Bi Mapambo alicheka, na kwa muda huo hakuwa na deni na mtu.

Kisha akaiangalia sebule kwa macho ya wageni. Hapo ndipo mambo yalipoharibika. Yeye aliyeshona mapazia ya nusu ya mtaa alijua vizuri kuliko wengi kwamba macho hayana pazia. Aliiona sponji. Alikiona kikopo.

Mama mdogo aliyafuata macho yake. "Kama kiti kinakuudhi, kishonee foronya," alisema. "Na mimi ukiona inafaa, nishonee yangu."

Ulikuwa utani, na pia ilikuwa njia. Kitambaa cha mapazia kilikuwepo, na Ijumaa nzima ilikuwa bado. Bi Mapambo aliwaza jambo hilo usiku kucha na asubuhi akaanza kusema, "Mamdogo, ni hii Jumamosi tu," lakini hakufika mwisho wa sentensi, maana mama mdogo alikuwa ameshasimama na kuokota kikopo chake. Aliingia chumba cha nyuma kwa hatua chache, na fundi akamfikishia kiti. Alipofunga mlango, mlango ulikuwa mbali.

Jumamosi alasiri wanawake walikuja. Walivua viatu bila kuombwa, jambo ambalo hawakuwahi kulifanya kwa mtu mwingine. Walibonyeza matakia, wakachungulia ndani ya taa, wakanusa.

"Hii harufu nzuri ni ya nini?" aliuliza mke wa kinyozi.

"Maganda ya machungwa tu," alisema Bi Mapambo. "Unayakausha, unayachemsha na mdalasini, moto mdogo."

"Tu? Mimi hununua vichupa, na bado kwangu kunanukia kinyozi."

Walicheka. Chai ilimiminwa. Mwanamke mmoja muuza mboga alilishika ua la gazeti aliloliona ni waridi, akaligeuza huku na huku, akauliza, "Nani alikufundisha haya yote?"

Swali lilikuwa jepesi, na jibu lake lilikuwa na maneno mawili. Bi Mapambo aliyafungulia mdomo. Lakini akaona nyuso zote zimemgeukia, akaona kwamba baada ya maneno hayo lingekuja swali la mama mdogo yuko wapi, na baada ya hilo mtu angesimama aende kumsalimia, maana ndivyo watu walivyo.

"Nilijifunza mwenyewe," alisema. "Ni kipaji tu."

"Umejaliwa," alisema muuza mboga.

Mke wa kinyozi aliomba kwenda msalani, akapotea njia, akarudi akisema wana nafasi kubwa sana huko nyuma, ameita mpaka akachoka. Bi Mapambo akasema ndiyo, wanashukuru.

Wageni walipoondoka, alikata kipande kikubwa cha keki, cha katikati, akakifunika, akamwambia mumewe kwamba leo atakwenda mwenyewe. Fundi alimshushia kiti cha baiskeli. Hakuuliza kitu, na mtu asiyeuliza kitu ndani ya nyumba anaweza kuchosha kuliko anayeuliza.

Alipiga pedali. Rangi ya ukuta ilikuwa ile ile waliyoipaka pamoja mwaka waliohamia, ikibadilika kwa kufifia tu. Alipita swichi ya taa, kisha kwa muda mrefu hapakuwa na swichi. Upepo wa pembeni ulimkuta pale pale aliposema fundi. Alijiandaa njiani: angepiga magoti, angesema mamdogo nimekosa, asante ya punda ni mateke na mimi nimekupiga. Alirudia maneno hayo hadi yakashika mwendo wa pedali. Alipoufikia mlango aliegemeza baiskeli.

Chumba cha nyuma kilikuwa kizuri. Karatasi za ndani za vidonge, zile za kung'aa, zilikuwa zimekatwa nyota na kutundikwa kwa nywele za mvi, nyembamba kiasi kwamba nyota zilionekana zimekaa hewani zenyewe. Kikopo kilikuwa kimevishwa soksi na kufungwa utepe. Mama mdogo alikuwa kitini pake, mkono umeziba pale penye sponji. Kulikuwa na joto la kutosha, na kitu ambacho Bi Mapambo hakukisikia mwilini tangu kile chumba cha ukuta uliopasuka kilimshika mabega, akaketi kitandani bila kukaribishwa. Kwa siku zote hizo alikuwa akikitafuta kitu hicho kule mbele kwa mkasi na gundi.

"Wamekula wakashiba?" aliuliza mama mdogo.

"Wameshiba."

"Yule mke wa kinyozi ana kicheko kizuri. Lakini ulisahau kuwaambia maganda yaanikwe kivulini. Wakiyaanika juani yatatoa uchungu, waje wakulaumu."

Bi Mapambo alikuwa ameshika sahani. Aliishika kwa mikono miwili.

"Huku unatusikia?"

"Mbona karibu? Nasikia mkasi wako. Juzi nilisikia sindano ikidondoka, nikakwambia ipo chini ya mguu wa meza, hukunijibu."

"Sikusikia, mamdogo."

"Najua. Njia ya kufika huko kwenu ni ndefu."

Alimega keki akaila polepole, akaisifu. Bi Mapambo alisubiri. Alitaka atukanwe. Aliomba moyoni atukanwe, hata kwa neno moja, ili alie na jambo liishe. Mama mdogo alikusanya makombo kwa kidole, akasema sukari imezidi kidogo tu. Yale maneno ya njiani, ya magoti na ya punda, hayakupata pa kuingilia.

"Kesho nitakurudisha sebuleni," Bi Mapambo alisema.

"Kesho Jumapili, upumzike. Umefanya kazi sana."

"Basi Jumatatu."

"Jumatatu una mapazia ya watu."

Ilikuwa kweli, alikuwa nayo. Alisimama kuaga, na aliposimama nyota moja ilimgusa paji la uso. Aliishika. Ilikuwa nyepesi, imekatwa safi, ncha zote sawasawa, na haikugharimu chochote. Alijua angepaswa kuiachia.

"Zinapendeza," alisema.

"Chukua," alisema mama mdogo, akaanza kuzitungua. "Chukua zote. Huku nani anaziona?"

Bi Mapambo alirudi usiku umeingia, nyota zikiwa ndani ya kikapu cha baiskeli, akilia kwa sauti kwa sababu alifikiri hakuna anayesikia, kisha akakumbuka, akanyamaza.

Jumatatu alizitundika juu ya dirisha. Alipita kwa mke wa kinyozi na kwa muuza mboga, akawaambia kuna jambo alisahau: maganda yaanikwe kivulini, juani yanatoa uchungu. Walimshukuru sana. Muuza mboga alisema mtu mwingine angewanyima siri kama hiyo.

Jioni fundi aliporudi kutoka kupeleka chakula, aliegemeza baiskeli ukutani na kukaa muda mrefu kabla ya kuvua viatu. Alisema safari sasa haiwezekani tena kwenda na kurudi kwa siku moja, na kwamba anafikiria kujenga kibanda katikati ya njia, cha mtu kulala. Bi Mapambo alisema ni wazo zuri, akaenda kutafuta kitambaa cha pazia la kibanda.