Mahali Mara Mbili

Mimi si mwepesi wa kusamehe, na Norbert analijua hilo. Tangu siku ile akiniona njiani huvuka upande wa pili. Avuke tu.

Consolate alikuwa akilala kwangu, mtaa wa Mulongwe, tangu alipoyakimbia mashamba ya mpunga ya Luberizi. Nyumba yangu ni ndogo, lakini vita havimwombi mwenye nyumba ruhusa. Njiani, pale Runingu, alikuwa amemkalisha bintiye Amandine kando ya kanisa, juu ya godoro walilobeba, akamwambia asitoke hapo mpaka yeye arudi na maji. Risasi zikaanza, watu wakasukumana. Aliporudi alikuta godoro peke yake.

Kila asubuhi alikwenda kwenye ofisi ya kutafuta watoto waliopotea. Norbert, mpangaji wa jirani yangu, ndiye aliyeendesha mashine yao ya kompyuta. Ndani yake mlikuwa na jedwali la wazazi na jingine la watoto waliookotwa, na mtoto akitambuliwa alipewa namba ya faili ya mzazi wake. Siku moja namba ya Consolate ilipatikana katika yote mawili. Karatasi ikatoka: Amandine, miaka saba, Mahali: Runingu.

Alirudi anacheka. Sikuwa nimewahi kuyaona meno yake. Nikamwambia kule bado wanapigana, angoje kidogo.

"Nilimuambia asitoke pale, mama Ezéchiel," akasema. "Mutoto wangu anasikia. Mimi njo nilichelewa."

Nikamfungia mihogo ya kuchemsha, akaondoka.

Habari zake alizileta Sévère, mfugaji wa Luberizi aliyemfahamu tangu zamani. Mapigano yaliporudi Runingu, watu wote walikimbia isipokuwa Consolate. Aliketi kando ya kanisa, akakataa kuondoka, maana mtoto angekuja asimkute. Sévère aliporudi alimkuta amekufa, akamzika papo hapo.

Bado tuko kwenye matanga, mama mmoja wa mtaa wa Nyamianda akaja amemshika mtoto mkono. Ni yeye aliyemwokota Amandine njiani, akakaa naye humu humu mjini, mwendo mfupi kutoka kwangu. Ofisi walikuwa na habari hiyo muda wote.

Nilikwenda kwa Norbert kugomba, na niligomba. Aliniacha nimalize.

"Ukiunganisha matablo mbili, ya wazazi na ya watoto, mama, kolone ya namba, ile safu yake, inatokea mara mbili," akasema. "Ni namba ile ile, haina shida. Basi nikaambia mashine, kolone yenye jina la kujirudia, ishike moja tu. Mahali nayo ilikuwa mu matablo yote mbili. Sikuangalia."

Kwa wazazi, Mahali palikuwa pale mtoto alipopotea. Kwa watoto, palikuwa pale alipo sasa. Mashine ilishika pa wazazi, ikamrudishia Consolate neno alilolisema mwenyewe. Siku hizi, anasema, kila safu anaiita kwa jina lake: Alipopotea, Alipo. Maji yaliyomwagika hayazoleki. Nina hasira naye mpaka leo, na sioni haya kuisema.

Amandine anaishi nami. Nimemweleza habari za majedwali na safu polepole, kama nilivyoelezwa. Hunisikiliza kwa adabu mpaka mwisho, kisha huuliza lile lile.

"Mama aliniambia nisitoke. Kama singetoka, angenikuta?"